Filamu ni za nani? Lucille Ball, kutoka mwigizaji wa mkataba hadi mwenye studio

Vipindi vingi vilivyorushwa na televisheni za Marekani mwaka 1951 havipo tena. Vingi kati ya hivyo havikuchomwa wala havikuibiwa. Havikuwahi kuwa kitu cha kushikika: waigizaji waliingia studioni, kamera zikawashwa, picha ikaenda hewani, na saa ilipotimia kazi ya wiki nzima ilikuwa imeyeyuka. Lakini ukitaka leo kumwona Lucille Ball amesimama mbele ya mkanda wa kiwandani, chokoleti zikimpita haraka kuliko anavyoweza kuzifunga, naye akizisukumia kinywani, kofiani na kifuani, utamwona. Picha ni safi, kila kope inaonekana. Sehemu hiyo ya kipindi chake, I Love Lucy, ilirushwa Septemba 1952.

Wengi wanaposimulia maisha ya mwigizaji huyu huanza na uso wake: macho yale makubwa, mdomo unaopinda kabla ya kilio, nywele nyekundu ambazo watazamaji wa runinga za nyeusi na nyeupe hawakuziona lakini walizijua. Mimi naona kinachostahili kufafanuliwa zaidi ni utepe wenyewe, ile filamu ya milimita 35. Kwa nini ulikuwepo wakati vipindi vingine havikuwa nao? Nani aliugharamia, nani aliumiliki, na ulipouzwa fedha zilikwenda wapi? Hapo ndipo simulizi huchanganyika. Wapo wanaosema yeye na mumewe walivumbua upigaji wa kamera tatu. Wapo wanaosema alikula matunda ya marudio ya kipindi chake mpaka alipofariki. Wapo pia wanaomwita mama wa Star Trek, kile kipindi cha safari za anga. Kila dai lina ukweli ndani yake, na kila dai linahitaji kunyooshwa.

Miaka ya mkataba

Alizaliwa Jamestown, mji mdogo wa jimbo la New York, tarehe 6 Agosti 1911. Baba yake, fundi wa nyaya za simu, alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1915, binti akiwa hajatimiza miaka minne. Sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha kwa babu na bibi mzaa mama, huko Celoron, kando ya ziwa. Babu huyo, Fred Hunt, ndiye aliyempeleka kutazama maonyesho ya jukwaani, na jina lake litarudi baadaye katika habari hii. Mwaka 1927 mtoto wa jirani alipigwa risasi kwa bahati mbaya uani kwa babu, akapooza. Kesi ikafunguliwa na familia ikapoteza nyumba. Sitaki kumpakazia mtu mawazo ambayo sikuyasikia kwake, ila msichana wa miaka 15 aliyeona nyumba ya jasho la miaka mingi ikienda kwa hukumu moja hawezi kuwa hakujifunza kitu kuhusu mali.

Alijaribu shule ya uigizaji jijini New York, shule aliyosoma pia Bette Davis, na walimu wakaona haya zake wakamkatia tamaa. Akawa mwanamitindo wa nguo, akaugua viungo hata kutembea kukawa taabu, akapona. Mwaka 1933 akafika Hollywood kama mmoja wa wasichana wa kupamba filamu ya Roman Scandals.

Hapa inabidi kueleza jinsi studio zilivyofanya kazi wakati huo, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Mwigizaji hakuwa mtu huru anayechagua kazi. Alitia saini mkataba wa miaka, akalipwa mshahara wa wiki, na studio ikampangia filamu, ikamwazima kwa studio nyingine ilipotaka, ikaamua hata sura yake. Filamu ilipokamilika ilikuwa mali ya studio, na mwigizaji hakuwa na neno wala senti ndani yake. Lucille Ball aliishi maisha hayo kwa miaka mingi, kwanza RKO, halafu MGM kuanzia 1942. Alicheza makumi ya filamu, nyingi za bajeti ndogo, mpaka akapewa jina la malkia wa filamu za daraja la pili. Katika Stage Door ya mwaka 1937 alikuwa pembeni ya Katharine Hepburn na Ginger Rogers, na kila aliyeitazama vizuri aliona kwamba ana kitu. Hakuna aliyejua akiweke wapi. Hata ule wekundu wa nywele haukuwa wake: mtaalamu wa nywele wa MGM, Sydney Guilaroff, ndiye aliyeupaka.

Jambo moja la maana lililotoka MGM halikuhusu filamu zake. Pale studioni alikuwepo Buster Keaton, gwiji wa filamu zisizo na sauti ambaye nyota yake ilikuwa imezimika, akilipwa kutoa mawazo ya vichekesho. Yeye na mwongozaji Edward Sedgwick walimwona binti huyu mrembo wakasema huyu ni mchekeshaji. Keaton alimfundisha kuheshimu vifaa: kofia, ngazi, ndoo, kitu chochote anachokishika. Ukijua kifaa mpaka mkono ukizoee, ndipo unaweza kukifanya kikushinde mbele ya watu.

Fundo la kineskopu

Mwaka 1940, katika matayarisho ya Too Many Girls, alikutana na Desi Arnaz, mwanamuziki kijana kutoka Santiago de Cuba ambaye familia yake ilikuwa tajiri hadi mapinduzi ya 1933 yalipowakimbiza. Walioana tarehe 30 Novemba mwaka huohuo. Yeye alikuwa na miaka 29, Desi 23. Ilikuwa ndoa ya mapenzi makali na ya umbali: Desi njiani na bendi yake, au jeshini wakati wa vita, mkewe studioni. Mwaka 1944 Lucille aliomba talaka, kisha wakarudiana.

Mwaka 1948 CBS, kampuni ya redio na televisheni, ikampa kipindi cha redio, My Favorite Husband, alichokicheza na mume wa kuigiza, Richard Denning. Hapo ndipo alipopata waandishi waliomfaa, Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr. Oppenheimer alimpa tiketi akamtazame mchekeshaji Jack Benny akirekodi kipindi chake cha redio mbele ya watu, aone jinsi uso na mwili vinavyofanya kazi hata mahali ambapo msikilizaji wa mbali haoni. Lucille aliporudi alikuwa mtu mwingine. Kicheko cha watu walioketi mbele yake kilimwasha. Tuliweke hilo akilini, maana litakuja kudai gharama.

CBS ilipotaka kukihamishia kipindi televisheni, alikubali kwa sharti moja: mume wa kwenye kipindi awe mumewe wa nyumbani. Wakubwa wa CBS wakasita. Walidhani Wamarekani hawatakubali kuona mwanamke mweupe wa Marekani ameolewa na Mkuba anayezungumza Kiingereza kwa lafudhi nzito, ingawa ndivyo ilivyokuwa kweli kwa miaka kumi. Wawili hao hawakubishana sana. Walianzisha kampuni yao, Desilu, jina lililounganishwa kutoka majina yao, na mwaka 1950 wakazunguka na onyesho la jukwaani kuonyesha kwamba watu watacheka. Watu walicheka.

Likabaki tatizo la pili, la kiufundi, na hili ndilo lililozaa mengine yote.

Marekani ni pana, na kati ya New York na Los Angeles kuna tofauti ya saa tatu. Runinga nyingi zilikuwa upande wa mashariki na katikati ya nchi. Mawasiliano ya kupeleka picha moja kwa moja kutoka pwani moja hadi nyingine yalifunguliwa Septemba 1951 tu, miezi kadhaa baada ya mazungumzo haya. Kabla ya hapo kipindi kilirushwa mubashara kutoka New York, na kamera ya filamu ikawekwa mbele ya skrini ya runinga kukipiga picha. Nakala hiyo, kineskopu, ndiyo iliyosafirishwa kwenda magharibi ikarushwa siku kadhaa baadaye. Ilikuwa picha ya picha: yenye ukungu, michirizi, nyuso kama zimepakwa majivu. Watazamaji wa magharibi waliivumilia kwa sababu walikuwa wachache.

Sasa Lucille na Desi walitaka kubaki California. Walikuwa na nyumba huko, na binti yao wa kwanza, Lucie, alizaliwa Julai 1951 baada ya miaka mingi ya kutamani mtoto. Kusudi zima la kucheza pamoja lilikuwa kuishi pamoja. Mdhamini wa kipindi, kampuni ya sigara ya Philip Morris, alitaka wahamie New York, kwa sababu wakirusha kutoka Hollywood watu wa mashariki, ambao ndio wengi na ndio wanunuzi, wangeletewa kineskopu. Kila upande ulikuwa na hoja. Mdhamini hakuwa mkorofi kukataa kulipia ukungu, na mama wa mtoto mchanga hakuwa mkaidi kukataa kuhama.

Njia ya kutoka ilikuwa kupiga kipindi kwa filamu halisi, kama sinema, kisha nakala safi ipelekwe kila upande. Lakini sinema hupigwa kwa kamera moja, kipande kwa kipande, bila watazamaji, na tumeshaona kwamba Lucille bila watazamaji alikuwa nusu ya Lucille. Kwa hiyo ilibidi kuwe na kamera kadhaa za filamu zinazozunguka kwa pamoja, mchezo ukichezwa mfululizo kama tamthilia ya jukwaani, na watu mia tatu wameketi mbele. Gharama ikapanda sana. CBS na mdhamini wakakubali kuchangia, ila wakataka wanandoa nao wapunguze malipo yao: kwa simulizi ya Desi mwenyewe, dola 1,000 kutoka katika 5,000 walizokuwa walipwe kwa wiki. Desi akakubali, akataka badala yake filamu ziwe mali ya Desilu.

CBS ikampa.

Leo tunaweza kushangaa, lakini jiweke mahali pao. Kipindi cha televisheni wakati ule kilikuwa kama gazeti la jana. Nani angetaka kutazama tena kitu alichokwisha kukiona? Walichotoa, kwa hesabu za siku ile, kilikuwa karibu na hewa. Ndiyo sababu sipendi simulizi inayomfanya Desi mchawi aliyeona miaka hamsini mbele. Alikuwa mtu mwenye akili ya biashara aliyeombwa kupunguza ujira na akataka kitu cha kufidia. Akachukua kilichokuwa mezani.

Taa za Freund

Kuhusu dai la uvumbuzi, lisemwe kwa haki. Kupiga kipindi kwa kamera kadhaa za filamu kulishajaribiwa miaka ya 1940 na mtayarishaji Jerry Fairbanks, na Al Simon, mmoja wa mafundi waliokuwa na uzoefu wa aina hiyo, aliletwa Desilu kusaidia. Jambo ambalo halikuwa limefanyika ni kulifanya kwa milimita 35, kwa tamthilia yenye milango, vyumba na vurugu, mbele ya watazamaji wengi, kila wiki.

Fundi mkuu wa mafanikio hayo alikuwa Karl Freund, mpigapicha aliyeshiriki kupiga Metropolis huko Ujerumani na Dracula ya 1931 Hollywood. Mzee huyu alizoea kumwangaza mwigizaji mmoja kwa kamera moja, dakika nyingi zikitumika kurekebisha kivuli cha pua. Sasa alikuwa na kamera tatu zinazotazama kutoka pembe tatu kwa wakati mmoja: moja ikichukua jukwaa zima, mbili zikikaribia nyuso. Taa inayompendeza mtu kwa kamera ya kushoto humharibu kwa ya kulia. Freund alizitundika taa juu, zikamwaga mwanga laini ulio sawa jukwaa zima, hivyo waigizaji wakaweza kwenda popote na sakafu ikabaki wazi kwa magurudumu ya kamera. Filamu tatu zilihaririwa kwa mashine iliyozionyesha zote kwa pamoja, mafundi wakaiita zimwi la vichwa vitatu. Mpangilio huo, kamera kadhaa, mwanga wa juu, watazamaji wakicheka kweli, ndio uliotumika kwa vichekesho vingi vya televisheni kwa miongo iliyofuata.

I Love Lucy ilianza kurushwa Jumatatu, tarehe 15 Oktoba 1951. Lucille alikuwa na miaka 40, umri ambao Hollywood huwa imeshamfungia mwigizaji wa kike mlango.

Sasa tuseme kuhusu uigizaji wenyewe, maana filamu safi ya kitu kisicho na thamani haina thamani. Watu walimdhani mcheshi wa kuzaliwa anayebuni papo kwa papo. Ukweli ni kinyume. Alikuwa mtu wa mazoezi mpaka wenzake wakachoka. Wiki ilianza kwa kusoma muswada mezani, zikafuata siku za mazoezi, na kipindi kikapigwa jioni moja mfululizo. Kila kifaa alitaka akishike mapema, ajue uzito wake, joto lake, kinavyoteleza. Madelyn Pugh alikuwa akijaribu mwenyewe vituko alivyoandika, aone kama mwanamke anaweza kuvifanya, kabla ya kumkabidhi Lucille. Katika ile sehemu ya chokoleti, mwanamke aliye pembeni yake mezani, anayepaka chokoleti kwa utulivu wa ajabu, alikuwa mfanyakazi halisi wa kazi hiyo, na kibao alichompiga Lucille kilikuwa kibao.

Itazame tena sehemu ambapo anatangaza dawa ya kuongeza nguvu ambayo kumbe ina kileo kingi. Analewa kijiko kwa kijiko. Hakuna hatua anayoruka: kwanza ladha mbaya anayoificha, kisha ulimi mzito kidogo, kisha upendo wa ghafla kwa chupa. Ni kazi ya mtu aliyehesabu. Na pembeni yake walikuwepo Vivian Vance na William Frawley, majirani Ethel na Fred, ambao bila wao mizaha ile ingekuwa vurugu ya mtu mmoja. Vance hasa hajapewa haki yake: kila wazo la kichaa la Lucy lilihitaji mtu mwenye akili timamu wa kulisikiliza, kulikataa, na hatimaye kushawishika mbele ya macho yetu.

Mhusika na mchezaji walikuwa watu wawili tofauti sana. Lucy Ricardo hana kazi, hana fedha zake, anatamani jukwaa na mumewe anamkatalia. Lucille Ball alikuwa na kampuni. Nadhani wanawake wengi wa Marekani wa miaka ile walimpenda Lucy kwa sababu hakukoma kutaka, hata akishindwa kila wiki.

Mtoto wa Januari

Mwaka 1952 akapata mimba ya pili. Desturi ya televisheni ilikuwa kuficha jambo kama hilo nyuma ya makochi na makoti mapana, au kumwondoa mwigizaji. Wao wakaiingiza mimba katika hadithi. CBS ilikataza neno lenyewe la mimba lisitamkwe, likatumika neno la kungojea, na miswada ikapitiwa na padri, mchungaji na rabi. Lucille alipangiwa kujifungua kwa upasuaji, kwa hiyo siku ilijulikana. Tarehe 19 Januari 1953 Desi Arnaz Jr. alizaliwa asubuhi, na usiku huo sehemu ambayo Lucy anajifungua mtoto wa kiume, iliyokuwa imepigwa wiki kadhaa kabla, ikarushwa. Watazamaji wapatao milioni 44 waliitazama. Kesho yake Dwight Eisenhower aliapishwa kuwa rais, na walioitazama shughuli hiyo walikuwa milioni 29 hivi.

Hapo ndipo filamu zilipoanza kuonyesha thamani yake. Mama mzazi anahitaji kupumzika, na ratiba ya kila wiki haipumziki. Kwa kuwa filamu zilikuwepo, sehemu za zamani zilirushwa tena ili kuziba nafasi. Watu hawakulalamika. Walitazama. Runinga zilikuwa zikinunuliwa kwa kasi wakati huo, kwa hiyo wengi hawakuwa wamewahi kuziona, na waliokuwa wameziona walizipenda vilevile. Gazeti la jana likawa na msomaji.

Mwaka huohuo, Septemba, jina la babu Fred Hunt likarudi. Zilikuwa zama za kuwasaka wakomunisti, na ikagundulika kwamba mwaka 1936 Lucille alijiandikisha kuwa mpigakura wa chama hicho. Alieleza mbele ya mchunguzi wa kamati ya Bunge kwamba alifanya hivyo kumridhisha babu yake, mzee msoshalisti waliyempenda. Waigizaji wengine walipoteza kila kitu kwa chini ya hapo. Yeye alisafishwa. Kabla ya kupiga kipindi jioni moja, Desi alisimama mbele ya watazamaji akasema kitu pekee chekundu kwa Lucy ni nywele zake, na hata huo wekundu si halali. Wakamshangilia. Alikuwa hana hatia, nalo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mkataba wa dola milioni 8 uliotiwa saini mapema mwaka huo uliwapa wakubwa wengi sababu ya kuamini kutokuwa kwake na hatia, na wasio na mkataba kama huo hawakuaminiwa hivyo.

Filamu zinauzwa

I Love Lucy iliongoza kwa watazamaji nchini kwa misimu minne kati ya sita, na ilikoma Mei 1957 ikiwa bado nambari moja. Na hapa ndipo penye kosa kubwa la simulizi maarufu. Kampuni ya Desilu haikuendelea kumiliki sehemu zake. Iliziuzia CBS, kampuni ileile iliyozitoa bila kinyongo mwaka 1951, kwa zaidi ya dola milioni 4. Marudio yaliyozunguka dunia kwa miongo iliyofuata, asubuhi, mchana na usiku, yaliitajirisha CBS.

Je, walikosea? Ukihesabu kwa faida iliyokuja baadaye, walitoa mgodi kwa bei ya shimo. Lakini angalia walichofanya na fedha. Kufikia mwanzoni mwa 1958 Desilu ilikuwa imenunua studio za RKO kwa zaidi ya dola milioni 6: majengo, viwanja, vyumba vya kupigia picha, Hollywood na Culver City. RKO, ambako Lucille alikuwa akilipwa kwa wiki na kupangiwa filamu. RKO, ambako alimkuta Desi. Filamu ambazo CBS iliziona hewa ziligeuka ardhi na mapaa. Kwa macho yangu huo ndio moyo wa maisha yake yote ya kazi, na unastahili kukumbukwa kuliko sehemu yoyote moja ya kichekesho.

Kilichoshindikana ni kile kilichoanzisha yote. Kampuni ilikua mpaka ikamla Desi: kazi usiku na mchana, ulevi, wanawake. Sehemu ya mwisho waliyocheza pamoja ilirushwa mwaka 1960 na talaka ikatoka mwaka huohuo. Kila kamera na kila taa iliwekwa ili watu wawili wasitengane.

Kiti cha rais wa kampuni

Novemba 1962 Lucille alinunua hisa za Desi akawa rais wa Desilu. Huelezwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza studio, na sentensi hiyo inahitaji tahadhari: mwigizaji Mary Pickford alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu ya United Artists mwaka 1919. Ila kuongoza kampuni kubwa ya kutayarisha vipindi vya televisheni, yenye viwanja na hisa sokoni, hakuna mwanamke aliyekuwa ametangulia. Aliifanya kazi hiyo huku akicheza The Lucy Show kila wiki, na Vivian Vance tena pembeni yake. Hakukificha kitu: biashara haikuwa furaha yake, jukwaa ndilo lililokuwa furaha.

Sasa Star Trek. Aliyeitunga ni Gene Roddenberry. Desilu ndiyo iliyoitengeneza, na sehemu ya kwanza ya majaribio ilikataliwa na NBC, kampuni ya televisheni iliyoshindana na CBS, jambo ambalo kwa kawaida huzika wazo. NBC ikaagiza jaribio la pili. Bodi ya Desilu iliogopa gharama za kipindi hicho, pamoja na za Mission: Impossible kilichokuwa kikiandaliwa wakati huohuo, kwa sababu kipindi cha gharama kubwa kinaweza kuizamisha kampuni hata kikipendwa. Rais wa kampuni alikuwa na neno la mwisho, akasema viendelee. Vyote viwili vilianza kurushwa Septemba 1966. Kuitunga si kazi yake, kuiruhusu iishi ndiyo kazi yake, na kwa mwenye studio hakuna kazi kubwa kuliko hiyo.

Woga wa bodi haukuwa wa bure. Mwaka 1967 Desilu iliuzwa kwa kampuni ya Gulf+Western kwa dola milioni 17, ikaunganishwa na studio ya Paramount, ambayo viwanja vyake vilikuwa ukuta kwa ukuta na vile vya Hollywood vya Desilu. Lucille akaanzisha kampuni ndogo yake mwenyewe, akacheza Here's Lucy na watoto wake wawili hadi 1974. Tuzo za Emmy za uigizaji alizipata mara nne.

Mwaka 1986, akiwa na miaka 75, alirudi na Life with Lucy, ambacho kilifutwa baada ya sehemu nane tu kurushwa. Alikuwa bado anapanda ngazi na kuanguka kama zamani, na watazamaji waliomwogopea mifupa hawakuweza kucheka. Lilimuumiza sana. Tarehe 2 Desemba mwaka huo Desi akafariki. Siku tano baadaye Lucille aliketi katika ukumbi wa Kennedy Center jijini Washington kupokea heshima ya taifa, na Robert Stack, aliyekuwa nyota wa The Untouchables ya Desilu, akasoma maneno ambayo Desi alikuwa ameyaandika kwa ajili ya usiku ule. Alisema I Love Lucy halikuwahi kuwa jina la kipindi tu. Lucille alifariki tarehe 26 Aprili 1989, Los Angeles.

Filamu za Lucy zilibaki CBS, na vipindi vilivyofuata vya Desilu vikabaki Paramount. Kampuni hizo mbili ziliunganishwa chini ya Viacom mwaka 2000, zikatenganishwa 2006, zikaunganishwa tena 2019. Kile ambacho Desilu iliuza, kisha ikauzwa yenyewe, kwa wanunuzi wawili tofauti, kwa miaka kumi ya tofauti, kimerudi katika mikono ya mmiliki mmoja.